Jembe la Kisii na Kafi la Pwani

Marehemu mama yangu mdogo, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa hodari wa kukuna nazi. Akikaa juu ya mbuzi, nazi mbili zilikuwa zimekwisha wewe hujamaliza kuchagua mchele. Alipotoka hospitali, amekatwa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, jambo la kwanza tulilolifanya sisi watoto wake ni kumwondolea ile mbuzi. Tuliificha juu ya kabati. Tukamwambia, "Mama, sasa wewe ni wa kukaa tu. Mkono huo usiuguse." Na hivyo ndivyo alivyoambiwa pia na mhudumu mmoja aliyekuwa akimfunga kidonda: asiinue kitu, asifue, asisonge, asikune.

Basi akakaa. Alikaa uani, kisha akakaa chumbani, mwisho akakaa kitandani. Bega lilikakamaa hata ikawa hawezi kujitanda mtandio mwenyewe. Alipofariki, miaka michache baadaye, watu walisema ule ugonjwa umerudi, na ni kweli ulirudi. Lakini mimi niliyekuwa nikimtazama kila nikija likizo, najua kwamba alikuwa amekwisha kutoka katika watu zamani, kabla ya ugonjwa kurudi. Na mbuzi niliificha mimi.

Nayasema haya sasa kwa sababu ya mambo mawili: moja nililetewa kwa picha, la pili nililiona kwa macho yangu huko Nyamira. Nianze na picha.

Binti wa kaka yangu, ambaye anakaa Kanada, aliniletea picha ya chombo chembamba, kirefu kama mita 12, omo yake imechongwa kichwa cha joka. Ndani wamekaa wanawake 20, wawili wawili kwa kila ubao, wote wameinama mbele kwa pamoja na makafi yao yote yameingia majini kwa pamoja. Mbele kakaa mwenye ngoma, nyuma kasimama mshika usukani. Nasema makafi, sisemi makasia, kwa kuwa msomaji wa Pwani anaijua tofauti yake: kasia hufungwa ubavuni mwa chombo na mvutaji hukupa kisogo kule aendako, kafi hushikwa kwa mikono miwili na mpigaji hutazama mbele. Chini ya picha binti yule ameandika kwamba wanawake wote hao wametibiwa saratani ya matiti, na wengi wao wamekatwa titi. Nilidhani ananifanyia mzaha.

Haukuwa mzaha. Mwaka 1996, katika mji wa Vancouver, daktari mmoja wa mambo ya michezo wa Chuo Kikuu cha British Columbia, jina lake Don McKenzie, aliwakusanya wanawake 24 waliokwisha kutibiwa ugonjwa huo, akawafanyisha mazoezi ya nchi kavu kwanza, kisha akawatia katika chombo hicho cha joka. Vyombo vya namna hiyo asili yake ni China, ambako watu wamekuwa wakishindana navyo tangu kale katika siku ya 5 ya mwezi wa 5 wa kalenda yao. Vancouver vilifika kutoka Hong Kong mwaka 1986, wakati wa maonyesho makubwa ya ulimwengu yaliyofanyika pale, navyo vilikuwa vya mti wa msaji, mti ambao mafundi wetu wa majahazi hawahitaji kuelezwa habari zake.

Daktari yule alikuwa akishindana na itikadi iliyokuwa imeenea miongoni mwa madaktari wenzake. Nitaieleza kwa lugha nyepesi. Katika mwili, mbali na damu, yako maji mengine yanayopita katika mishipa myembamba, nayo huitwa limfu. Maji ya mkono hupitia katika tezi zilizoko kwapani. Mwanamke akikatwa tezi hizo, au zikichomwa kwa mionzi, njia ya maji huwa imezibwa nusu, na mkono huweza kuvimba ukawa mzito kama gogo. Uvimbe huo ukishakuja ni shida kuuondoa. Basi madaktari wakasema: kwa kuwa kazi nzito huleta maji mengi mkononi, dawa ni kutoutumia mkono. Ndiyo sababu wanawake ulimwenguni kote, toka Vancouver hata Mombasa, waliambiwa yale yale aliyoambiwa mama yangu mdogo.

McKenzie aliona kwamba jambo hilo limeaminiwa tu, halikupimwa. Akachagua kwa makusudi mchezo unaochosha mikono na mabega kuliko michezo mingi, tena unaorudia pigo lile lile mara mamia. Wanawake wale 24 walipiga makafi msimu mzima. Hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe mpya, na waliokuwa nao tangu mwanzo hawakuzidiwa. Aliyaandika hayo mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Kanada. Baadaye, mwaka 2009, wataalamu wa Marekani walitoa habari za wanawake 141 wenye uvimbe tayari, ambao sehemu yao walifundishwa kunyanyua vyuma kidogo kidogo, mara mbili kwa juma. Mikono yao haikuzidi kuvimba kuliko ya wale walioachwa hivi hivi, na ule uvimbe wa kuja na kuondoka uliwasumbua kwa uchache.

Wale 24 walikusudia kucheza msimu mmoja waache, lakini hawakuacha. Leo ziko timu za namna hiyo kwa mamia, katika nchi zaidi ya 30, na tangu mwaka 2010 zina chama chao cha ulimwengu. Walikutana Florence, Italia, mwaka 2018, na katika ziwa Karapiro huko New Zealand mwaka 2023. Mashindano yakimalizika, huvikusanya vyombo vyote pamoja katikati ya maji, kisha kila mmoja hutupa ua la rangi ya waridi majini kuwakumbuka waliofariki. Kwa sababu hufariki pia, nisimdanganye mtu. Kafi halitibu saratani.

Sasa nije Nyamira.

Mimi ni mzaliwa wa Kuze, Mombasa, lakini ualimu ulinichukua mbali, nikakaa miaka 17 katika nchi ya Wagusii, ambao sisi huwaita Wakisii. Kwanza mjini Kisii, halafu upande wa Nyamira. Msomaji ambaye hajafika huko asifikiri juu ya mashua. Ni nchi ya vilima, kilima juu ya kilima, na mvua ya alasiri isiyokosa ahadi. Mashamba ya chai yamelala mabondeni kama mikeka ya kijani, na migomba imesimama hata ukingoni mwa barabara. Mto Gucha huanza huko juu, lakini ni mto wa mawe na mbio. Ukitaka maji ya kuelea chombo, uteremke mpaka Kendu Bay au Homa Bay, penye ziwa. Mjini Kisii upo msikiti na wako Waislamu wa siku nyingi, Wanubi na Waswahili, kwa hiyo sikuwa mgeni kabisa. Lakini Nyamira nilikuwa peke yangu na buibui langu, na watoto walinifuata njiani kwa muda wa juma zima kabla hawajanizoea.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja mkulima, ana chai kidogo, mahindi na kishamba cha wimbi. Alikuwa katika egesangio. Hili ni neno la Kigusii, na afadhali nilieleze, kwani ndilo kiini cha maneno yangu. Egesangio ni kikundi cha wanawake wachache wanaolimiana kwa zamu. Leo wote wako katika shamba langu, kesho katika lako, keshokutwa katika la yule. Husimama mstari mmoja, majembe yakapanda na kushuka pamoja, mmoja akaanzisha wimbo na wengine wakaupokea. Hakuna fedha inayotolewa, wanachodaiana ni siku. Ukikosa kuja kwangu, una deni la siku moja, na deni hilo hukumbukwa hata kwa miaka.

Jirani yangu huyo akapata saratani ya titi, akakatwa, akarudi. Wenziwe wakamfanyia wema mkubwa. Walilima shamba lake mara mbili bila yeye kushika jembe, wakamwambia, "Wewe huna deni nasi." Nilifurahi nilipoyasikia hayo, nikasema wallahi watu hawa wana utu. Jioni ile nikaenda kumjulia hali, nikamkuta analia. Nilifikiri ni maumivu. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kigusii, "Mwalimu, mtu asiye na deni si mtu wa egesangio. Wamenihesabu na wafu."

Sikumjibu, maana sikuwa na jibu. Nilimwona mama yangu mdogo amekaa mbele yangu.

Aliyeokoa jambo ni bibi mmoja mzee aliyekuwa mkubwa wa kikundi, mwanamke mkali ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nikimwogopa. Alikuja asubuhi moja na jembe dogo, lililolika kwa kulima hata likabaki kama kijiko kikubwa, jepesi. Hakutoa hotuba. Alisema, "Omong'ina, mkono wako mmoja haukukatwa. Njoo." Akamweka mwisho wa mstari. Siku ya kwanza mama yule alipalilia mahali pa kutosha mkeka mmoja tu, akakaa chini. Siku ya pili hivyo hivyo. Nililoliona mimi, nikiwa nimesimama kando ya ua kama mpelelezi, ni kwamba mstari mzima ulikuwa umepunguza mwendo. Hakuna aliyesema "tumngoje". Wimbo ndio uliotulizwa, na majembe yakaufuata wimbo.

Nisieleweke vibaya. Mama yule hakukurupuka. Hospitalini alikuwa amekwisha kuonyeshwa na mtaalamu wa viungo namna ya kupandisha vidole ukutani, leo hapa, kesho juu kidogo, mpaka bega likalegea. Mkono wa upande uliokatwa aliuvika soksi nene iliyokatwa vidole, kwa kuwa aliambiwa mchubuko mdogo au mwiba waweza kuleta uchafu na homa, na mkono ukavimba usiku mmoja. Akiona mkono umekuwa mzito, aliacha na kurudi kuonyeshwa. Haya si mambo ya kuyafanya kwa ushujaa. Lakini baada ya mvua mbili alikuwa analima nusu ya mstari wake, na siku moja nikamsikia anagombana na mwenziwe uani, sauti juu, kwamba anamdai siku moja. Sijapata kufurahia ugomvi wa watu kama nilivyoufurahia ule.

Basi picha ya Kanada iliponijia, sikuiona kama kitu kigeni. Niliona egesangio juu ya maji. Mwenye ngoma ndiye yule mwanzisha wimbo, na mbao kumi ndizo mstari ule wa shambani. Anayechoka katika chombo haambiwi atoke. Huendelea kuinama na kuinuka na wenziwe, kafi likigusa maji kidogo tu, mpaka nguvu zimrudie. Wanawake wa Vancouver ni watu wa mji, kila mmoja na nyumba yake, mlango wake na gari lake. Hawakuwa na mstari wa kurudia walipotoka hospitali. Ndiyo maana wakahitaji joka la kuchonga kutoka Hong Kong.

Hapa ndipo ninapopingana na baadhi ya wema wetu wa siku hizi. Wako watakaosema, vizuri, tuwachukue wanawake wa Kisii na Nyamira waliopona tuwapeleke Homa Bay, tuwavalishe fulana za rangi ya waridi, wapige makafi asubuhi moja mbele ya wapiga picha, kisha warudi vilimani. Mimi siupendi mpango huo. Ziwa si lao, na asubuhi moja haikunjui bega. Mstari wao wanao tayari. Kinachotakiwa huko ni mtaalamu wa viungo atoke hospitalini aende akutane na yule bibi mzee mwenye jembe lililolika, wazungumze. Kila mmoja ana elimu ambayo mwenziwe hana. Na muuguzi anayemwambia mwanamke "usilime tena maisha yako" katika nchi ambayo mwanamke ni jembe lake, afahamu anachokisema.

Sisi wa Pwani ndio tunaohitaji chombo. Sisemi kwa dharau, mimi ni mtu wa huku. Tuangalie tulivyo. Zamani wanawake wa Mombasa walikuwa na mistari yao. Mabibi zetu walikuwa katika vyama vya lelemama, wakishindana Ibinaal Watan na Banu Saada, wakishona sare, wakichangiana harusi na matanga, na mwanamke akiugua chama kizima kilijua. Leo nazi inasagwa kwa mashine au inanunuliwa imekwisha kukamuliwa, kila mmoja yu jikoni kwake, na anayeugua hujulikana akishatolewa jeneza. Maji tunayo pande zote za kisiwa, mafundi wa kuchonga kafi wako, na ngoma ndiyo usiseme. Kinachotukosesha ni nini?

Najua kinachosemwa. Husemwa kwanza kwamba haya ni anasa ya Wazungu, nasi tuna watu wasiopata hata dawa. Ni kweli wapo, nami sisahau. Kwa miaka mingi hospitali ya serikali yenye mashine ya mionzi ilikuwa moja tu katika Kenya nzima, nayo ni ya Kenyatta, Nairobi. Mama yangu mdogo alilala katika mabasi ya usiku kuifuata, na Mombasa imepata mashine yake juzi juzi tu. Lakini kupiga kafi si badala ya dawa. Ni kwa ajili ya yule aliyekwisha kupata dawa, akarudi nyumbani, asijue tena yeye ni nani. Na gharama yake ni chombo kimoja na asubuhi moja kwa juma.

Husemwa pili habari ya sitara. Hilo ni neno zito na silichezei. Lakini chombo chaweza kuwa cha wanawake watupu, na nguo ya kusitiri mwili hushonwa. Kule Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamejifunika toka kichwani hata miguuni, na kijiji hakikubomoka. Kama mtu atasema bahari si mahali pa mwanamke Mwislamu, nitamkumbusha Umm Haram binti Milhan, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliyemwomba Mtume (S.A.W.) amwombee awe miongoni mwa watakaopanda bahari, akaipanda mpaka Kipro, na kaburi lake liko huko karibu na Larnaca.

Kwa kweli mimi naona sitara haina ugomvi na kafi. Tuna kitu kingine tunachokiita sitara, nacho ni aibu. Ni ile aibu inayomfanya mwanamke akipapasa uvimbe bafuni anyamaze miezi minane, kwa kuwa mahali penyewe hapatajwi. Wagusii wananyamaza pia, na wao hunong'ona uchawi kama sisi tunavyonong'ona husuda na jicho. Katika Kenya wanawake kiasi cha 7,000 hugunduliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na ndio unaoongoza kati ya saratani za wanawake. Wengi hufika hospitalini umekwisha kuenea. Sababu moja ni kwamba wale waliopona hatuwaoni. Tunawaona wanaozikwa. Msichana wa Majengo au Kibokoni ambaye hajapata kumwona mwanamke mzima, mwenye nguvu, aliyekatwa titi miaka kumi iliyopita, ataaminije kwamba kwenda mapema kuna faida? Akiona chombo kinapita Tudor, wanawake kumi ndani na mwenye ngoma wao, atauliza hao ni nani. Na akishajibiwa, huenda akaenda.

Nimestaafu sasa na nimerudi Mombasa. Nimezunguka mitaani nikiuliza kwa siri, kwani hata kuuliza ni kwa siri, na nimepata wanawake wanne waliotibiwa ambao wako tayari. Mmoja wao ameniambia hajainua mkono wake juu ya kichwa tangu mwaka 2019. Daktari wake amekubali, kwa sharti aanze na ukuta kabla ya maji. Juma lililopita nilimwendea nahodha mmoja wa Tudor, mtu mzima anayefahamiana na ndugu zangu, nikamwuliza kodi ya chombo chake kwa asubuhi za Jumamosi. Alicheka, akaniuliza wanaume watakuwa wangapi. Nikamwambia hapana hata mmoja, ila yeye akitaka kushika usukani. Akaiangalia bahari muda mrefu. Kisha akasema chombo nitapata, lakini makafi nitafute mwenyewe, tena yawe mepesi.